Sultani Aliyechorwa Katika Pazia la Hekalu

Alikuwako zamani, na aliyemweka ndiye aliyemwondoa, Sultani mmoja aitwaye Ghiyasi bin Tahmasi, mtawala wa mji wa Mahtabpuri katika Bara Hindi, na mji huo ulikuwa na kuta za mawe mekundu na bustani za mawaridi, na katikati yake palikuwa na ziwa pana lililoitwa Padmasari kwa sababu ya mayungiyungi yaliyoota humo. Upande mmoja wa ziwa ulisimama msikiti wa Sultani, na upande wa pili hekalu la Mabaniani, na watu wa pande zote mbili walichota maji yale yale, wala hakuna mzee aliyekumbuka ugomvi wowote juu ya maji hayo.

Sultani Ghiyasi hakuwa dhalimu. Alikuwa na insafu katika hukumu, mkarimu kwa wageni na jasiri vitani, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja ambao matabibu hawana dawa yake, nao ni kuipenda sura yake mwenyewe. Aliichongesha katika marumaru, akaipiga chapa katika dinari, akaifumisha katika mazulia, na kila mgeni aliyeingia kasrini alikutana na nyuso nyingi za Sultani kabla hajakutana na Sultani mwenyewe.

Sasa, katika mtaa ulio nyuma ya hekalu alikaa fundi mmoja jina lake Vithaldasi, pamoja na binti yake wa pekee, Rukmini. Kazi yao, waliyoirithi kwa mababu, ilikuwa kuchora pazia linalotundikwa nyuma ya sanamu ya Krishna, mungu wao mchunga ng'ombe, na kila mwaka mawingu ya mvua yalipokaribia ilikuwa lazima pazia jipya litundikwe. Kitambaa cha pamba walikipata kwa mfumaji kijana aitwaye Gokuldasi, wakakipiga wanga, wakakisugua kwa jiwe la akiki mpaka kikawa laini kama ganda la yai. Rangi walizitengeneza wenyewe, ya buluu kwa nili, nyeupe kwa kombe zilizosagwa, nyeusi kwa masizi ya taa, na nyekundu kwa jiwe lililopondwa kutwa kucha, na zote wakazichanganya na gundi ya mgunga ili zishike. Kisha wakachora kwa brashi za manyoya ya kindi: Krishna katikati, mwili wake buluu kama wingu zito, filimbi mdomoni, na ng'ombe weupe wakimwinulia shingo, na wanawake wa zizini wakicheza, na mayungiyungi chini na mawingu juu.

Kazi hiyo ilichukua miezi, na muda wote huo hakuna aliyeliinamia pazia, maana nyuso zote zilikuwa hazina macho. Macho yalichorwa mwisho kabisa, asubuhi ya sikukuu, na mchoraji akiwa amefunga. Mabaniani walisema kwamba kabla ya macho ni kitambaa na rangi tu, lakini baada ya macho, aliyechorwa amekwisha ingia. Na kwa kuwa aliyeingia hafai kutupwa jaani wala kunadiwa sokoni, pazia la mwaka uliopita lilichukuliwa kwa nyimbo na kengele na kuzamishwa katika ziwa Padmasari, likapumzike.

Na chini ya ziwa hilo, bila mwanadamu yeyote kujua, aliishi jini aitwaye Zamhari. Kabila lake lilikuwa limemfukuza kwa sababu alikataa kwenda nao vitani, naye akatafuta mahali penye giza na ubaridi, akajenga nyumba yake chini kabisa, asionane na kiumbe. Mwaka wa kwanza pazia likamshukia kutoka juu, na ndani yake mna bustani, na ng'ombe, na mawingu, na watu wanaocheza. Akalitundika. Mwaka wa pili, maji yalipokuwa yamekwisha kulila, likaja jingine. Zamhari akadhani kwamba watu wa juu wanamletea hidaya, na kwa kuwa jini mwenye asili njema hapokei bila kurudisha, akaanza kuyalinda maji ya ziwa yasipungue hata mwaka wa ukame, na watu wa Mahtabpuri wakadhani kwamba ziwa lao lina chemchemi isiyokauka.

Basi ikawa sikukuu moja Sultani alikuwa akipita juu ya ndovu wake, na mbele yake ukapita msafara wa Mabaniani wakilipeleka pazia kuukuu ziwani. Upepo ukalifunua. Sultani akaona buluu ile, na wekundu, na macho ya ng'ombe yaliyokuwa kama yanamtazama, akasema, "Simamisheni ndovu. Mnakwenda wapi na kitu hiki?"

Vithaldasi akaviweka viganja vyake pamoja kifuani, akasema, "Maulana, tunakwenda kulizamisha. Limemaliza kazi yake, na sasa ni mali ya maji."

"Kuzamisha uzuri kama huu ni israfu, na Mungu hawapendi wafanyao israfu," akasema Sultani. "Litakaa kwangu. Nitalitundika nyuma ya kiti changu cha enzi, na hekalu lenu litapata mafuta ya taa mwaka mzima."

Hakuna aliyethubutu kubisha, na pazia likaenda kasrini.

Kwa muda Sultani alifurahi nalo. Lakini kila alipoligeukia, aliona kwamba katika kasri nzima hiki ndicho kitu pekee ambacho yeye hamo, na jambo hilo likawa kama mwiba kisiginoni. Akamwita Vithaldasi, akamwonyesha nafasi baina ya ng'ombe wawili, karibu na miguu ya Krishna. "Nichore hapa," akamwambia, "nimesimama, na kipanga wangu mkononi."

"Maulana, nisamehe. Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Pazia hili limekwisha abudiwa. Aliyemo ndani yake lazima aende linakokwenda, na hili linakwenda majini, leo au kesho. Sitaki kumtia humo mtu aliye hai. Tena asiyeliamini."

Sultani akaghadhibika, maana alisikia neno "sitaki" tu na mengine hakuyasikia, akaamuru Vithaldasi atiwe gerezani mpaka ulimi wake ujifunze adabu.

Gereza la Mahtabpuri lilikuwa chini ya ardhi, na Vithaldasi alikuwa mzee mwenye kifua kibovu. Rukmini alipokwenda kumwona akamkuta anakohoa damu. Hakumwambia analokusudia. Akatoka, akachukua brashi zake na vifuu vyake vya rangi, akaenda moja kwa moja kasrini, akasema mbele ya baraza, "Maulana, baba yangu ni mzee. Mkono ulionifundisha na mkono uliofundishwa ni mmoja. Mtoe yeye, na mimi nitakuchora."

Akamchora. Kilemba, kipanga, mkufu wa lulu, ndevu zilizopakwa hina, vyote kama vilivyo, na wakuu wa baraza wakasifu. Alipofika kwenye macho akaiweka brashi chini.

"Maulana, nakuomba tuache hapa. Desturi yetu inasema aliyefunguliwa macho ndani ya pazia, yeye na pazia ni kitu kimoja."

Sultani akacheka. "Unataka wageni wangu waseme Sultani Ghiyasi ni kipofu? Maliza kazi yako, binti."

Rukmini akamkumbuka baba yake anavyokohoa. Akachovya brashi katika masizi, akayachora macho, la kulia kisha la kushoto, na alipoinua mkono Sultani akapepesa macho na kusema kwamba amehisi kama amepulizwa usoni.

Vithaldasi akafunguliwa siku ile ile. Alipofika nyumbani na kusikia kilichomtoa, akakaa kizingitini bila kuvua viatu.

"Nilikuwa tayari kufia mle," akasema.

"Na mimi sikuwa tayari ufie mle, baba."

"Sasa kuna mtu aliye hai mahali asipopaswa kuwa, na mkono uliomweka ni mkono nilioushika mimi ulipokuwa hujui hata kukoroga gundi." Akanyanyuka, akaenda kukaa barazani pa hekalu, akala na makuhani na kulala juu ya mkeka wao, wala hakusema tena na binti yake.

Huko chini, Zamhari alingoja. Alisikia nyimbo za sikukuu, akasikia kengele zinakaribia, akaandaa mahali ukutani, na kitu hakikuja. Akangoja tena, akidhani watu wamechelewa, na siku zikapita, na hata yule jini mpole akaona kwamba amedhulumiwa haki yake. Hakupiga kelele. Aliyavuta maji tu, kama mtu anayejivutia blanketi, akajifunika nayo katika matumbo ya ardhi.

Watu wa Mahtabpuri wakaamka siku moja wakaona mayungiyungi yamelala juu ya matope. Baada ya hapo visima vikatoa mchanga, na ng'ombe wakaanguka njiani, na mawingu ya mvua yakapita juu ya mji bila kudondosha hata tone. Misikitini watu waliswali swala ya kuomba mvua, na hekaluni walipiga kengele, na maombi ya kila upande yakapaa. Hatimaye, mchana kweupe, watu waliokuwa wakichimba katika kitanda cha ziwa waliona mvuke unapanda kutoka kwenye ufa, na katika mvuke ule ikatoka sauti ya upole iliyowatisha kuliko ngurumo.

"Enyi watu wa juu," ikasema, "nimewakosea nini hata mkaninyima pazia langu? Nileteeni, nami nitawarudishia maji yenu."

Habari ikafika kasrini. Sultani akamshukuru Mungu kwa kuwa jambo ni jepesi hivyo, akamwamuru waziri wake, Lutfali, alipeleke pazia mara moja. Waziri akalipeleka. Lakini upindo wa pazia ulipogusa tu lile tope, Sultani, aliyekuwa amekaa katika kiti chake mbali na ziwa, akapiga ukelele, kwa sababu miguu yake iliingiwa na baridi kama imetiwa mtoni, na maji yakampanda kifuani na kooni na hakuna aliyeyaona, akaanza kukata roho mbele ya watumishi wake. Wakapelekwa wapanda farasi kumzuia waziri, na pazia lilipoinuliwa, Sultani akavuta pumzi.

Rukmini akaitwa, na alipoulizwa akawaeleza yale aliyokwisha yasema.

"Tumkate basi," akasema Waziri Lutfali, akatoa kisu. "Tukikata kipande hiki chenye sura ya Maulana, lililobaki litakwenda zake."

Akaigusa picha kwa ncha ya kisu, uzi mmoja ukakatika karibu na shavu, na papo hapo damu ikatiririka shavuni kwa Sultani. Waziri akakidondosha kisu.

"Na ukiyafuta macho?" akamwuliza Rukmini.

"Atakuwa kipofu, bwana Waziri. Mlango huu mimi najua kuufungua. Kuufunga sikufundishwa."

Siku zile zilizofuata Sultani hakutoka chumbani. Mapande ya barafu yaliyoletwa kutoka milimani yaliyeyushwa kwa ajili yake, naye akanywa, na kutoka dirishani akaona mji wake. Akaona watu wanavyoondoka na mizigo vichwani. Akaona maiti zikipelekwa upande wa makaburi, na nyingine upande wa kuni za kuchomea maiti, maana kiu haikuuliza dini. Kisha mwanamke mmoja, mke wa mfinyanzi, akaja hadi mlangoni pa kasri, akamlaza mtoto wake juu ya ngazi, na mtoto midomo yake ilikuwa imepasuka na macho yamerudi ndani. Yule mama hakulia wala hakuomba. Aliketi tu kando yake, akimfukuzia nzi.

Sultani akashuka na kikombe chake mwenyewe, akampa mtoto maji, na mtoto akanywa. Naye Sultani akamwuliza yule mama, "Una wengine?"

"Nilikuwa nao," akasema.

Sultani akarudi ndani, akamwita Waziri Lutfali, akavua pete ya muhuri. "Ihifadhi hii mpaka ndugu yangu afike kutoka mpakani," akasema, "na uwaambie makadhi watoe sadaka kwa ajili ya roho yangu." Waziri akamshika miguu, akamsihi kwa maneno mengi, akamwambia kwamba raia huzaliwa tena lakini Sultani ni mmoja. Sultani akamwinua. "Lutfali," akasema, "maneno hayo nimeyasikia miaka mingi, na leo ndiyo mara ya kwanza yamenitia aibu."

Akavaa kanzu nyeupe isiyo na nakshi, akalikunja pazia begani, akaenda kwa miguu. Watu wakamwona anapita mitaani bila ndovu wala matarumbeta, na wengine hawakumtambua, maana aliyekuwa katika dinari alikuwa amevaa taji. Alipofika ukingoni mwa ziwa akamkuta Rukmini amesimama na kapu la rangi zake.

"Rudi nyumbani, binti," akamwambia. "Hapa pana deni la mtu mmoja."

"Macho hayo niliyachora mimi, Maulana. Sitakuacha uende nayo peke yako."

Na kwa kuwa hakutaka kurudi, wakashuka pamoja juu ya matope yaliyopasuka, na nyuma yao akafuata Waziri Lutfali akilia, na Gokuldasi mfumaji, ambaye hakuitwa na mtu, amebeba mkononi kitambaa kipya kilichokwisha pigwa wanga, kwa sababu alijua kwamba Rukmini haendi popote bila kitambaa. Vithaldasi aliwaona kutoka ngazi za hekalu, akasimama.

Walipofika kwenye ufa, mvuke ukapanda, na Zamhari akawatokea. Kwanza alikuwa samaki mkubwa mwenye masharubu, kisha akawa mzee mwenye joho la kijani, kisha farasi wa maji, kisha moshi mtupu, na hakutulia katika sura yoyote.

"Nimekuletea pazia lako," akasema Sultani Ghiyasi. "Nililichukua bila haki, na nimo ndani yake. Tuchukue sote wawili, uwarudishie watu hawa maji."

Jini akamtazama, akaitazama na picha yake. "Kumbe ndiyo maana lilikuwa zito lilipogusa tope," akasema. "Sikutaka kuua mtu. Lakini nyumba yangu ni kiza, ewe mwana wa Adamu, na mwaka huu nimekaa nikitazama ukuta mtupu."

Ndipo Rukmini akaangukia magoti, akasema, "Ewe bwana wa ziwa, kama haki yako ni pazia, nikuchoree jingine hapa hapa, na huyu umwachilie. Niambie unataka nikuchoree nini, bustani, au mji, au bahari?"

Sura za Zamhari zikapita moja baada ya nyingine. Kisha akasema kwa aibu, kama mtu anayeomba chakula nyumba ya wageni, "Nichore mimi. Maji hayanionyeshi, na vioo havinipokei. Nimeishi karne na karne na sijui nimefanana na nini."

"Nitakuchora. Ila rangi zangu zimekauka."

Jini akafumbua kiganja, na ndani yake mkawa na maji safi, akayamimina katika bakuli la Rukmini. Sultani, ambaye tangu alipompa mtoto kikombe chake alikuwa hajaonja kitu, aliyatazama maji yale na ulimi umemkauka, akageuza uso upande mwingine ili Rukmini afanye kazi yake.

Gokuldasi akakitandaza kitambaa juu ya mawe. Rukmini akakaa, akamtazama jini, na kila alipoanza mstari, sura ikabadilika, na alipochora pezi likawa mkono, na alipochora mkono ukawa moshi. Akaacha kuchora, akatazama tu. Jua likapanda, na jasho likamtoka, na yeye anatazama. Na baada ya muda mrefu akaona jambo moja lisilobadilika: awe samaki, awe mzee, awe farasi au moshi, Zamhari huinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, kama mtu aliyesimama nje ya nyumba yenye ngoma, anasikiliza. Rukmini akafahamu kwamba karne zote hizo alikuwa akisikiliza nyimbo za watu kupitia maji. Akaanza na shingo ile. Na shingo ilipokaa sawa, vyote vilivyobaki vikaja vyenyewe, bega, na taya, na nywele kama majani ya ziwani, na mdomo wa mtu asiyezoea kusema, na kila alichokichora, jini mwenyewe, kwa kuwa hana mwili wa kudumu kama wanadamu, akatulia katika umbo hilo, hata alasiri akawa amesimama mbele yao kiumbe mmoja, asiyebadilika tena, na uso wake haukuwa na macho.

"Sioni," akasema Zamhari. "Umenifanya nini?"

Hapo Waziri Lutfali, ambaye alikuwa mtu wa akili nyingi, akafahamu, akamwendea Rukmini haraka, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Yachore macho, na kitambaa kibaki mikononi mwetu! Aliyefunguliwa macho katika kitambaa, yeye na kitambaa ni kitu kimoja. Atakayelishika pazia hili atamshika jini. Ataturudishia maji kwa amri, atatuletea hazina za chini ya bahari, na hakuna adui atakayekaribia kuta zetu mpaka siku ya kiyama. Mwamuru, Maulana!"

Wote wakamgeukia Sultani. Na Sultani Ghiyasi akalitazama pazia lililokuwa begani mwake, na uso wake uliomo ndani, akasema, "Mimi najua kufungwa katika kitambaa kukoje. Sitaamuru. Binti ndiye mwenye brashi."

Rukmini akasimama na brashi imekwisha chovywa katika masizi. Mkono wake ulikuwa umbali wa kidole kutoka kwenye uso ule. Akamwambia jini, "Waziri amesema kweli. Niapie kwamba utarudisha maji."

"Nikiapa sasa, ni kiapo cha mfungwa," akasema Zamhari. "Na nikirudisha maji sasa, huenda bado ukanifunga. Sina la kufanya, ewe binti. Nimo mkononi mwako, na mkono wako siuoni."

Rukmini akafikiri habari ya baba yake gerezani, na ya macho aliyoyachora kwa hofu, na matunda ya hofu hiyo yalivyoujaza mji makaburi. Akaivunja brashi, akaitupa katika ufa, akakichukua kile kitambaa chenye sura isiyo na macho, akakiweka katika mikono ya jini.

"Kichukue," akasema. "Hakina deni."

Mara alipokipokea, na sura yake ikawa mali yake mwenyewe, Zamhari akapata kuona, na akawa tena samaki, na mzee, na farasi. Akakiinua kitambaa, akajitazama. Akapapasa shingo ile iliyoinama. Na wote waliokuwapo wakasikia chini ya miguu yao mlio wa maji yanayogeuka, kama ng'ombe wengi wanarudi zizini.

"Kimbieni juu," akasema jini. Kisha akamwendea Sultani, akaingiza kucha moja ya moshi katika pazia kuukuu, akaibandua picha yake taratibu, kama mama anavyombandua mtoto wake jani la dawa kidondani, na katika nafasi ile pakabaki kitambaa cheupe. Picha ikayeyuka hewani, na Sultani akahisi kifua chake kimefunguka. "Pazia hili ni langu," akasema jini, "na wewe ni wa watu wako."

Wakakimbia, na maji yakawafuata visiginoni, na Rukmini akateleza ukingoni, na mkono uliomvuta ulikuwa wa Vithaldasi, aliyekuwa ameshuka ngazi zote za hekalu na kifua chake kile kibovu. Wakakaa wote wawili matopeni, wanahema.

"Ulianzia wapi?" mzee akamwuliza mwishowe.

"Shingoni, baba."

"Mimi ningeanzia kwenye bega," akasema, "na ningekosea." Na hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia tangu siku ile, naye Rukmini akalia kwa furaha.

Ziwa likajaa, na mvua ikanyesha, na waliokuwa wameondoka wakarudi. Sultani akamjengea mke wa mfinyanzi nyumba na kumlea mtoto wake kama wa kwake, akakiri mbele ya watu kwamba kwa waliokufa hana fidia itoshayo. Akaweka sheria kwamba mambo ya hekalu yaachiwe hekalu na ya msikiti yaachiwe msikiti, na kwamba mtawala asimwamuru fundi kuchora asichotaka kuchora. Gokuldasi akamposa Rukmini, na Vithaldasi akakubali, na katika harusi yao ukapikwa wali wa zafarani na maandazi ya samli kwa watu wa pande zote mbili za ziwa, na asubuhi yake maharusi wakakuta mlangoni pao lulu, na vito vya buluu vya kusagwa viwe rangi, vimelowa maji na vimefungwa katika majani ya yungiyungi. Wakawa matajiri wenye baraka, na wanafunzi wao wakawa wengi kuliko wafumaji wa mtaa ule, na kila mwaka pazia kuukuu likaenda ziwani kwa nyimbo.

Sultani Ghiyasi akatawala mpaka uzeeni. Sanamu zake aliziondoa, dinari zake akaziyeyusha, na hakumruhusu tena mtu kumchora. Alipofariki, watoto waliozaliwa baadaye walitaka kujua alikuwaje, na wazee wakagombana, huyu akisema alikuwa mrefu, na yule akisema hapana, wa kadiri, na mwingine akiapa kwamba alikuwa na kovu shavuni na mwingine akikana. Sura yake wakaipoteza kabisa. Lakini ukimwuliza yeyote katika Mahtabpuri jinsi Sultani alivyoteremka ziwani kwa miguu, na kanzu nyeupe, na pazia begani, atakuonyesha hata njia aliyopita. Basi afahamu mwenye kufahamu: uso wa mtu huliwa na udongo, na alilowatendea wenziwe halina kaburi. Nasi tuliousimulia mkasa huu tumeutua hapa ulipotua, na ajuaye zaidi ni Mola.